Tangi la bahari, maji ya ziwa

Siku ya 43 tangu niliwashe upya tangi langu la samaki wa baharini, niliamka alfajiri nikakuta siyaoni mawe. Yalikuwa humohumo, kilo kama 25, ila yote yalikuwa yameota nywele za kijani ndefu kama kidole, zinapepea kufuata mkondo wa pampu. Samaki wangu wawili, wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari mieupe, walikuwa wanachungulia katikati ya nywele hizo kama watoto nyuma ya pazia. Nilikaa kitini na taulo begani, na kwa mara ya kwanza nikawaza kulimwaga lote.

Mimi ni mtu wa Tanga, kazi yangu ni ufundi wa friji na viyoyozi, na nilihamia Mwanza mwaka 2021. Naishi Nyegezi, nyumba iliyo juu ya miamba, na dirisha la sebuleni linaangalia ziwa. Tangi hili la lita 200 nilianza kulifuga kule kwetu. Maji nilikuwa nachota mwenyewe baharini kwa madumu, bahari ikiwa imejaa. Mawe yake ni ya matumbawe ya kale, yale yanayochimbwa ardhini na kujengewa nyumba za pwani. Niliyapata kwenye ukuta uliobomolewa, mepesi, yana vitundu kama mkate wa kumimina. Kwa miaka mitatu tangi lile halikunisumbua. Ndiyo maana nilipohama niliyaanika mawe kibarazani siku mbili, nikayatia kwenye viroba, mchanga nikaujaza ndoo mbili, vyote vikapanda lori pamoja na makochi.

Vilikaa stoo miaka miwili. Agosti 2023 binti yangu, aliyekuwa darasa la nne, aliniambia, "Baba, lile tangi unalitunzia panya?" Basi nikalitoa.

Bahari iko mbali na Mwanza, kwa hiyo maji ya chumvi lazima uyatengeneze mwenyewe. Chumvi ya mezani haifai. Maji ya bahari yana magnesi, kalsi, potasi na vingine vingi, kwa hiyo unahitaji chumvi maalumu ya akwariamu, gramu 35 hivi kwa lita. Kwa tangi langu ni kilo 7. Chumvi niliiagiza Dar, ikaja na basi. Maji nilifungulia bomba.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea nikiwa nimejiaminisha. Nina kile kipimo kidogo kama kalamu kinachosoma wingi wa madini yaliyoyeyuka majini, mafundi wa maji wanakijua. Nilikichovya kwenye maji ya bomba, namba haikufika 100. Kule pwani nimewahi kupima maji ya kisima yakasoma zaidi ya 1,000. Nikamwambia mke wangu, "Mwanza wana maji matamu, hata chujio halihitajiki." Na ni kweli maji ya ziwa, ambayo ndiyo ya bomba letu, ni laini, sabuni inatoa povu bila kazi. Lakini kipimo kile kinajumlisha tu. Hakikuambii ndani ya hiyo 80 au 90 kuna nini. Zile nywele za kijani ni mwani, na mwani hauhitaji madini mengi. Fosfeti, kirutubisho kilekile cha kwenye mbolea, nusu milligramu kwa lita ni karamu kwake, na kwenye kalamu ile nusu milligramu huioni kabisa. Maji yale ni salama kunywa, sisi wote nyumbani tunayanywa, na simlaumu anayeyaleta. Maji ya kunywa na maji ya kufugia viumbe wa baharini ni vitu viwili.

Wiki za mwanzo zilikwenda kama vitabu vinavyosema. Amonia, sumu ya vitu vinavyooza, ilipanda, ikashuka, naitraiti inayotokana nayo ikapanda, ikashuka, naitreti, ya mwisho na isiyo kali, ikabaki. Hiyo ni kazi ya bakteria wanaojijenga kwenye vitundu vya mawe, na huchukua wiki nne hadi sita. Katikati ya hapo mchanga ulipata vumbi la kahawia, laini kama unga wa kakao, ukilipuliza kwa bomba linaruka kama moshi. Hizo ni diatomu. Hujijengea magamba kwa silika, na silika ikipungua huondoka zenyewe. Ziliondoka kweli. Nikawaletea samaki wawili, nikapiga picha, nikamtumia kila mtu.

Kisha zikaja nywele.

Kwa kuwa mimi ni fundi, mkono wangu hukimbilia kifaa. Nilichukua mswaki wa zamani, nikaingiza mkono hadi kwapani, nikasugua kila jiwe. Maji yakawa kama supu ya mchicha. Jioni nilijiona mshindi. Baada ya siku sita nywele zilirudi, na sasa zilikuwa na mahali papya: kwenye kioo, kwenye bomba la pampu, hadi kwenye waya wa hita. Kila kipande nilichokikata kilikuwa mbegu, nami nilikuwa nimezipanda tangi zima.

Nikazima taa siku tatu, nikafunika tangi kwa blanketi. Mwani ulinyauka. Nilipowasha ulirudi, maana ule ulionyauka uliozea humohumo, na kilichokuwa ndani yake kikarudi majini kulisha uliobaki. Juu yake ukaja utando mwekundu mchangani, kama ule unaokaa juu ya maziwa yaliyochemka. Saa sita mchana unajaa mapovu madogo ya hewa, na ukiunyanyua kwa kidole unakuja mzima kama kipande cha kitambaa, una harufu ya mtaro. Huo si mwani hasa, ni sayanobakteria, viumbe wa kundi lilelile linalotia kijani ziwa letu.

Muuzaji mmoja wa samaki wa mapambo alinishauri niweke mrututu kidogo, kwamba yeye ndivyo anavyosafisha mabwawa. Nashukuru nilijaribu kwanza kwenye ndoo, nikiwa na konokono mmoja wa baharini. Asubuhi alikuwa chini, mdomo juu, amelegea. Mrututu ni shaba, na shaba huua konokono, kamba na kaa kwa kiasi kidogo sana, halafu hunata kwenye mawe ya chokaa na kuendelea kutoka polepole muda mrefu. Ningeyatia sumu mawe niliyoyabeba kutoka Tanga. Naomba msomaji anayefuga wanyama hawa asiruhusu mrututu ukaribie nyumba yake.

Aliyenifungua macho ni mzee jirani. Alikuja kufuata gasketi ya friji yake. Zamani alikuwa mvuvi Igombe, na miguu yake bado inatembea kama iko kwenye mtumbwi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu." Akasimama mbele ya tangi, mikono nyuma. Akanyamaza kitambo. "Umefuga ziwa humu?"

Nikacheka kidogo, nikaanza kumweleza habari za miswaki na blanketi. Hakuonekana kusikiliza. Akauliza, "Unawalisha mara ngapi?"

"Mara tatu kwa siku."

"Wako wangapi?"

"Wawili."

Akasogeza uso kwenye kioo mpaka pumzi yake ikatia ukungu. "Samaki tumbo lake halizidi jicho lake. Mwangalie jicho. Sasa hicho kingine unamlisha nani?"

Akaketi, akaniambia kuhusu furu, wale samaki wadogo wa aina nyingi waliokuwa wakijaza ziwa kabla sangara hajawamaliza, na jinsi zamani kule Igombe ukidondosha nanga uliiona ikishuka muda mrefu. Miaka ya 1990 magugumaji yalifunga mialo, mtumbwi ukawa hautoki bila panga. Yakaletwa fukusi wadogo wa kuyala, yakapungua. "Lakini maji hayakurudi kama ya zamani," alisema. "Siku hizi upepo ukitulia, asubuhi unakuta kama mtu kamwaga rangi ufukweni. Ziwa limeshiba, mwanangu. Ukilishibisha, litaota tu. Ukitoa gugu litaota kingine."

Nilikuwa nimesoma habari hizo mahali, lakini sikuwahi kuziunganisha na sebule yangu. Ziwa Victoria linapata maji yake mengi kwa mvua inayonyesha juu yake lenyewe, na mengi linayapoteza kwa kukauka na jua; yanayotoka kwa mto Nile pale Jinja ni sehemu ndogo. Maji yanapanda angani, lakini kilichokuja nayo, mbolea ya mashambani, udongo, maji machafu ya miji, hata vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, hakipandi nayo. Kinabaki.

Usiku ule nilichukua daftari la binti yangu la hesabu. Tangi langu liko wazi juu, nina taa na feni, na kila siku linapungua lita mbili na nusu. Kila siku nilikuwa naongeza lita mbili na nusu za bomba. Kwa siku 90 ni lita 225. Yaani kila miezi mitatu nilikuwa nalijaza tangi zima upya kwa maji ya bomba, yanayokauka ni maji matupu, na yote yaliyomo yanabaki na samaki wangu. Juu yake milo mitatu ya samaki wawili. Nilikaa naiangalia ile 225 muda mrefu.

Ikabaki swali la mawe, maana mwani uliota hata pembe ambazo chakula hakifiki. Nilitoa jiwe moja, nikalisugua ndani ya ndoo, nje ya tangi safari hii, nikalisuuza, nikaliweka kwenye ndoo nyingine yenye maji ya chumvi niliyoyatengeneza kwa maji yaliyochujwa. Pampu ndogo, kifuniko, giza. Kabla ya kuliweka nilipima fosfeti: kichupa kilibaki cheupe. Baada ya siku saba kilikuwa bluu ya sare za shule. Kwenye kadi ikasoma karibu milligramu 1 kwa lita, wakati mimi nataka isizidi 0.1. Jiwe lenyewe lilikuwa linatoa.

Ndipo nikaelewa nilichofanya kibarazani Tanga. Ndani ya vile vitundu kulikuwa na minyoo, sponji, konokono wadogo na uchafu wa miaka mitatu. Niliwaanika wote wakafa, wakakaukia humo. Nilipotia maji, vikaanza kuoza pale vilipoachia. Na chokaa ya mawe yenyewe hunyonya fosfeti maji yakiwa nayo nyingi, na huirudisha maji yakiwa nayo kidogo. Tangi jipya la mawe mapya lingenisumbua kidogo. Tangi la zamani linalofufuliwa linakuja na madeni yake.

Mchanga sikuupima. Niliuchota kikombe kimoja nikaukoroga kwenye beseni, maji yakawa rangi ya chai ya rangi. Niliumwaga wote na sikuurudisha.

Samaki nikawahamishia kwenye beseni kubwa lenye hita (usiku wa Mwanza unaweza kuwa na ubaridi, na hawa wanataka nyuzi 25 au 26). Mawe nikayatumbukiza kwenye pipa la plastiki, maji ya chumvi, pampu, giza, na kila Jumapili nikayamwaga maji yale na kuweka mengine. Wiki ya kwanza fosfeti 1, ya pili hivyohivyo, ya tatu ikaanza kushuka, ya saba ikawa 0.15. Wiki saba za kumwaga chumvi ya kuagiza zinauma mfukoni. Ningeweza kuyamwagia asidi, watu hufanya hivyo, lakini ile dawa hula jiwe lenyewe na mvuke wake si wa kuchezea nyumba yenye mtoto. Nilinunua pia chujio lenye utando, dogo, la aina wanayotumia wanaofunga maji ya chupa, nikaongeza mwishoni kopo la punje za resini, zinazonasa madini yaliyobaki. Sasa ile kalamu inasoma 0, na sasa namba yake naielewa.

Jambo lililobaki lilitoka pasipotarajiwa. Mama mdogo wangu analima mwani huko kwetu. Anafunga vipande kwenye kamba, anazitandaza kwenye maji mafupi, anavuna baada ya wiki sita hivi, anakausha, anauza. Nilipompigia kumjulia hali nikajikuta namlalamikia mwani.

"Wewe!" alisema. "Mimi huku nalia mwani haukui na tasi wanaula, wewe unalia umekua?"

Nikamweleza. Akanyamaza, nikasikia mawimbi kwa nyuma. Akasema, "Sasa kama maji yako yana rutuba, si upande wa kwako uvune? Mahali pake. Hapa kuna gugu linazonga kamba zangu, la nyuzinyuzi, gumu kama uzi wa nyavu. Kila siku nalitupa. Nikutumie?"

Nilijua analosema kabla hajamaliza. Mwani ule wa nyuzi kavu unaojifunga kama steelwool, wafugaji wa akwariamu duniani huununua kwa pesa. Haujishikizi kwenye mawe, unaelea fundo moja, na unakua haraka. Ukiutia kwenye kisanduku cha pembeni chenye taa yake, maji ya tangi yakapita humo, unakula fosfeti na naitreti kabla nywele hazijapata. Ukijaa unautoa nusu. Kinachotoka mkononi mwako ndicho kile chakula, kimekuwa majani.

Ulifika na basi, kwenye mfuko wa plastiki ndani ya ndoo ya rangi, maji kidogo, umekaa njiani zaidi ya siku. Nilifungua pale stendi. Ulinukia Tanga. Nilisimama pale na ndoo yangu kitambo, watu wananipita na mizigo.

Kisanduku nilikitengeneza kwa vioo vya mlango wa friji ya dukani iliyokuwa imekufa. Taa yake inawaka usiku, tangi likiwa gizani, maana usiku mimea ya tangi haitengenezi hewa na maji husogea kidogo kuelekea upande wa asidi. Taa ya zamu ya usiku inasawazisha. Muda wa taa ya tangi nikaupunguza kutoka saa 12 kwa siku hadi saa 8, na dirisha la jua la jioni nikalitia pazia. Mlo mmoja kwa siku, kiasi cha macho mawili.

Ningependa kusema ikaishia hapo. Nilikuwa na haraka, nikaongeza kitu. Niliagiza zile punje za chuma zinazonyonya fosfeti, nikaweka kipimo mara mbili ya kilichoandikwa. Ndani ya wiki mbili fosfeti ikasoma 0 na naitreti 0. Niliwaita watu kuja kuona kichupa cheupe. Wiki ya tatu mchanga mpya ukapata ute wa kahawia, nyuzi zenye povu kwenye ncha, kama makamasi. Nilidhani diatomu zimerudi, nikangoja ziondoke. Konokono watatu wakafa kwa siku nne. Zilikuwa dinoflajelati, viumbe wadogo wa seli moja, na nyingine zina sumu kwa wanaozila. Maji yanapokuwa hayana kitu kabisa, bakteria na mwani wa kawaida hudhoofika, hawa hubaki bila mshindani. Nililazimika kufanya kitu ambacho mkono wangu ulikataa: kutoa punje, kuongeza chakula, kuacha maji yapate uchafu kidogo. Nilikuwa nafyonza ute kwa mpira kila jioni, nachuja kwa kitambaa cha soksi, narudisha maji. Ilichukua wiki tisa. Naumia kuhusu wale konokono kuliko kuhusu chumvi yote niliyomwaga, kwa sababu wao waliuawa na pupa yangu.

Sasa hivi fosfeti inacheza kati ya 0.05 na 0.1, naitreti 5 hadi 10. Kioo kinapata kijani chepesi kila siku ya nne au ya tano, nakifuta kwa kadi ya zamani ya benki. Kwenye jiwe la kushoto, chini, pamebaki kishungi cha nywele upana wa sarafu. Nimekiacha. Konokono mmoja hulala hapo mchana, usiku anakila ukingoni, na kikianza kutanuka nitajua kuna kitu kimeingia kabla hata sijapima.

Jumamosi ni siku ya kuvuna. Binti yangu, sasa yuko darasa la sita, huingiza mikono kwenye kisanduku, anakamua fundo la mwani, analiweka kwenye mizani ya jikoni na kuandika kwenye daftari. Wiki iliyopita gramu 210, wiki hii gramu 180. Tunausuuza kwa maji ya bomba ndoo tatu kutoa chumvi, kisha mzee jirani anaupeleka kwenye shimo lake la mboji, kule kwenye migomba. Jana aliuliza kama tunaweza kumpa zaidi. Nikamwambia siwezi, samaki ni wawili.